Mrejesho: Kipimo cha pH na maji ya Mto Msimbazi

Ndugu zangu, nawashukuru sana nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini kipimo chetu cha pH (kifaa kinachoonyesha maji yana asidi au alkali kiasi gani) kilitoa namba tofauti kwa maji yaleyale ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Nilifuata ushauri wa kukisawazisha kila asubuhi kwa vimiminika ambavyo pH yake inajulikana, yaani 4 na 7, lakini kilichosaidia zaidi ni kusafisha ncha yake ya kioo, iliyokuwa imegandwa na utando wa kijivu. Sasa chupa tatu zilizojazwa mahali pamoja zinasoma 7.4, 7.4 na 7.5. Vipimo vya bakteria, kwa masikitiko, vimeharibika, kwani barafu ya kupoza chupa iliyeyuka tukiwa kwenye foleni Jangwani na chupa zikafika maabara zikiwa vuguvugu. Jumamosi tutarudia, tukiondoka alfajiri.