Naomba ushauri: 1453 na Wareno kutafuta njia ya bahari kwenda India

Habarini wadau, hasa walimu wa historia. Nafundisha mada ya Wazungu kutafuta njia ya bahari kwenda Mashariki na kuna sehemu nimekwama. Notsi karibu zote nilizonazo zinaanza na Waturuki kuteka Constantinople (Istanbul ya leo) 1453, eti ndo wakafunga njia ya pilipili manga, sasa mwanafunzi mmoja (hawa watoto siku hizi hawakuachii) kaniuliza mbona Wareno waliiteka Ceuta (mji wa pwani ya Afrika Kaskazini) 1415 na wakaanza kushuka pwani ya Afrika Magharibi kabla ya hapo, tena wafanyabiashara wa Venice (Italia) waliendelea kununua viungo Alexandria, Misri, hata baada ya 1453. Nimemweleza habari za dhahabu ya Guinea na vita vya dini ila naona majibu yangu yanaelea tu. Upande wa matokeo sina shida, Kilwa na Mombasa kushambuliwa 1505, Goa kule India kutekwa 1510, hayo wanayaelewa vizuri.

Naombeni mnisaidie: hiyo 1453 niifundishe kama chanzo au kichocheo tu? Na mtoto akiandika kwenye mtihani kwamba dhahabu ndo sababu kuu, wasahihishaji wanampa maksi kweli?