Ukoo wa Kemondo, 21 Mei

Baba Mkubwa (6:04 asubuhi)
Mmeamkaje wanangu. Leo imetimia miaka 30 tangu meli ya MV Bukoba izame Ziwa Victoria. Kabla hamjatawanyika kwenda makazini, kila mmoja amwombee shangazi yenu na wote alioondoka nao.

Koku, Dar (6:11)
Shikamoo Baba Mkubwa. Raha ya milele uwape ee Bwana.

Mama Alinda (6:12)
Na mwanga wa milele uwaangazie 🙏🏾

Baba Alinda (6:12)
Wapumzike kwa amani. Amina.

Shangazi Mdogo, Mwanza (6:40)
Mimi najiandaa kwenda Igoma, mishumaa nimenunua tangu jana. Kila mwaka nikifika pale makaburini sijui nielekee upande gani, maana dada hatukumwona. Huwa nawasha mshumaa kati ya wale wasiotambuliwa, nasema basi mwanga utamfikia popote alipo.

Koku (6:47)
Pole Shangazi. Naomba niulize, mimi nilikuwa bado kuzaliwa. Nimesoma kwamba walioandikwa kwenye orodha ya abiria walikuwa 443. Jina lake lipo?

Baba Mkubwa (6:55)
Halipo mama. Hao 443 ni wa daraja la kwanza na la pili, na uwezo wa meli nzima ulikuwa abiria 430. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Dada yangu alikuwa huko, na mikungu yake ya ndizi. Ndiyo maana hadi leo waliokufa tunawataja kwa kukisia, huyu anasema 500, yule karibu 900. Tofauti hiyo yote ni watu.

Koku (6:56)
Jamani 😢

Baba Mkubwa (7:09)
Ngoja niandike, maana sijawahi kuwaeleza vizuri. Ilikuwa Jumanne. Nilifika bandari ya Mwanza alfajiri na mtu wa mkokoteni, tupokee zile ndizi. Meli ilitoka Bukoba Jumatatu jioni, ikapita Kemondo, na yeye akapandia hapo. Tukasubiri. Watu wakaanza kunong'ona, halafu wakaanza kukimbia.
Haikuzama papo hapo. Ilipinduka ikabaki inaelea tumbo juu, na waliokuwa ndani wakawa wanagonga bati. Wakawa hai, wanagonga. Pakatobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, ikaenda chini yote. Waliotoboa walitaka kuokoa, mimi siwalaumu. Lakini tangu siku hiyo mtu akigonga geti la chuma usiku, siku hiyo silali tena.

Mama Alinda (7:12)
Pole sana Baba Mkubwa. Hili hukuwahi kulisema.

Shangazi Mdogo (7:15)
Hata mimi nalisikia leo. Mimi nilikuwa nyumbani na mama. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, redio ikawa haizimwi pale uani. Zikaisha siku tatu, mama akakataa tusianue matanga. Alisema hajaletewa mtu wa kuzika. Sahani ya dada aliendelea kuipakua hadi Krismasi.

Baba Alinda (7:31)
Nimesoma mara mbili. Na mimi wiki ijayo nashuka Mwanza kwa meli na watoto.

Baba Mkubwa (7:33)
Tiketi umekata?

Baba Alinda (7:34)
Nimekata Baba. Yangu na ya Alinda. Mdogo bado hajafika umri wa kulipa nauli.

Baba Mkubwa (7:35)
Asilipe, lakini jina lake liandikwe. Nenda dirishani useme ninao watoto wawili, na usiondoke mpaka umeliona jina kwa macho yako.

Mama Alinda (7:38)
Nitaenda naye mwenyewe. Watu wa kisiwa cha Ukara walikwenda sokoni tu, Septemba 20, 2018. MV Nyerere kilikuwa kivuko cha watu 101, wakafa zaidi ya 220. Ziwa lilelile, miaka 22 baada ya Bukoba. Na safari ile pia idadi kamili ya waliopanda haikujulikana. Mimi jambo hili linanikasirisha, siwezi kusema ni ajali tu.

Koku (7:40)
Hata mimi. Kuandika jina ni kazi ya kalamu na karatasi.

Baba Alinda (8:22)
*[Picha]*
Tumerudi kutoka bandarini. Tumeandikwa wote watatu, mdogo ni huyo wa mstari wa mwisho.

Baba Mkubwa (8:23)
Nimemwona. Asante mwanangu.

Shangazi Mdogo (10:05)
Nimefika Igoma. Watu ni wengi, wazee wengine wameletwa wakishikwa mikono. Wanapokea majina ya marehemu yasomwe kwenye misa. Kaka, nimwandike vipi? Watoto wote wanamjua kwa Shangazi wa Kemondo tu.

Baba Mkubwa (10:06)
Mwandike Adventina. Alibatizwa Adventina.

Koku (10:06)
Adventina. Leo ndiyo nalijua.

Shangazi Mdogo (10:19)
Nimeliandika kwa herufi kubwa. Karatasi imepokelewa.