Naomba ushauri: Paladini nimchanganye na Woloki?

Wakuu, habari zenu. Nacheza gemu ya Baldur's Gate 3. Paladini wangu (shujaa mpiganaji mwenye kiapo) yuko levo 5 na gemu inaishia levo 12, na kila levo mpya naweza kuichukua kwenye fani nyingine. Woloki (mchawi wa mkataba) ananivutia: wote wanategemea Karisma (mvuto wa mhusika), na nafasi zake za kutumia uchawi hurudi kwa mapumziko mafupi tu, yaani Divine Smite (pigo la silaha la Paladini linaloongezwa nguvu kwa nafasi hizo) za kumwaga. Ila nikichukua levo 7 za Paladini na 5 za Woloki, naambulia vipaji (nyongeza za uwezo unazochagua kwenye levo fulani) viwili badala ya vitatu.

Nilishamlipa Withers, mhusika anayekuruhusu kupanga levo zako upya, dhahabu 100 nijaribu Paladini 3, Woloki 2. Pigo la pili la kila zamu, ambalo Paladini hulipata levo 5, likapotea, maadui wakanichakaza, nikarudi nilikotoka.

Je, nisubiri Paladini 6 nipate aura ya kinga, au nianze Woloki levo ijayo? Na kile kipaji cha tatu, mliochanganya mnakikosa kweli?