Mpango wa miaka 10 wa bustani ya kihistoria: tuanzie wapi?

Mwanakamati
Wakuu, naomba mwongozo. Inatakiwa rasimu ya mpango wa usimamizi wa bustani ya umma ya kihistoria, hekta 12: njia kuu yenye safu mbili za miti mikubwa, bwawa lenye sakafu ya udongo wa mfinyanzi, kuta za mawe, na viwanja vya nyasi vinavyokodishwa kwa sherehe. Nusu ya wajumbe wanataka irudishwe kama siku ilipofunguliwa, nusu wanataka ifuate mahitaji ya leo. Miti ya njia kuu imezeeka, inaanguka mmoja mmoja. Kazi inaanzia wapi?

Ramani_Kwanza
Mkuu, ubishi huo usipigiwe kura kabla ya utafiti. Mkataba wa Florence (1981) wa ICOMOS, baraza la kimataifa la maeneo ya kihistoria, unaohusu bustani za kihistoria, unataka urejeshaji uheshimu hatua zote ambazo bustani imepitia. Kwa kawaida kipindi kimoja hakipewi kipaumbele juu ya vingine. Na siku ya kufunguliwa miti hiyo ilikuwa miche. Sidhani kama kuna anayeitaka siku hiyo.

Kusanya ramani za zamani, picha za angani, hata ankara za miche. Zilete zote kwenye kipimo kimoja kwa kutumia alama zisizohama (pembe za kuta, lango), kisha zipandanishe. Hapo utaona kipi ni cha mwanzo, kipi kiliongezwa, kipi kimepotea. Gawa bustani katika maeneo 6 hadi 8, kila eneo karatasi moja: thamani yake, kinachoitishia, na sera. Sera iwe na meno. "Kati ya lango na bwawa kisiwekwe kitu kinachozidi kimo cha meta 1" inamkataza mtu. "Mandhari yatalindwa" haimzuii mwenye kibanda.

Shina_na_Mizizi
Kuhusu miti: kila mmoja upewe namba, spishi, kipenyo cha shina kwenye kimo cha meta 1.3, hali ya matawi ya juu, nyufa, na uyoga kwenye kitako. Ukiona udongo umeinuka upande mmoja wa shina, mizizi inaachia. Huo hausubiri mpango, zungushia uzio leo. Kisha panga kwa miaka iliyobaki: chini ya 10, 10–20, 20–40, zaidi ya 40.

Miti mingi ikiangukia kundi la kwanza, acheni kuziba mapengo. Mche uliobanwa kati ya miti mikubwa hukosa maji, hupinda kufuata mwanga, na safu inaishia kama meno ya mtoto wa miaka saba. Kateni na kupanda kwa vipande vya meta 100 au 150, pande zote mbili kwa pamoja, ili ikue sawa. Mbegu au vipandikizi vichukuliwe kwenye miti hiyohiyo na kuoteshwa kitaluni miaka kadhaa kabla ya msumeno kufika. Kama kinachoua ni ugonjwa wa spishi hiyo, tafuteni nyingine yenye umbo na kimo kile kile.

Sherehe nazo: kipenyo cha shina mara 12 ndiyo nusu kipenyo ya duara lisiloguswa. Shina la sm 80, meta 9.6. Mti mkongwe hasa, mara 15, yaani meta 12. Gari lisiingie humo, hasa udongo ukiwa umelowa. Ukishindiliwa mizizi inakosa hewa, na mti huanza kukauka miaka baadaye, wakati mwenye sherehe keshasahaulika.

Mwanakamati
Shukrani. Na bwawa? Kuna pendekezo la kulikausha na kuingiza katapila.

Fundi_Maji
Usilikaushe lote. Mfinyanzi ukikauka hupasuka, na bwawa lililokuwa linashika maji linaanza kuvuja. Katapila likichimba bila kipimo linatoboa sakafu. Pima kwa fimbo kila meta 5: kina hadi juu ya tope, kisha isukume hadi igome. Tofauti ndiyo tope. Eneo la meta za mraba 4,000 lenye wastani wa sm 40 ni meta za ujazo 1,600. Tope lipimwe maabara kabla ya kuamua litamwagwa wapi, kisha lichotwe kwa sehemu. Chimba shimo la kutegea tope pale mfereji unapoingilia, la sivyo bwawa litajaa tope tena.

Kuta ziungwe kwa chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini, inafungia unyevu ndani, jiwe linabanduka.

Gharama zihesabiwe kwa saa za kazi. Ua wa mimea wa meta 600, meta 20 kwa saa, mara 2 kwa mwaka: saa 60. Fanya hivyo kwa kila kazi hadi kuzoa majani, ulinganishe na saa za watunza bustani waliopo. Zikizidi, amueni mapema kona ipi nyasi zitaachwa ndefu.