Katyn: chama kinaweza kweli kufuta kumbukumbu ya watu?

Wakuu, wengi husema chama cha kikomunisti kikishashika shule, magazeti na redio, watu watakumbuka walichoambiwa tu. Napinga, na ushahidi wangu ni Poland.

Mwaka 1940 polisi wa siri wa Stalin waliwaua Wapoland wapatao 22,000, wengi maofisa wa jeshi na polisi, baadhi yao katika msitu wa Katyn karibu na Smolensk. Wajerumani walipoyafukua makaburi mwaka 1943, Moscow ikadai wauaji ni Wajerumani wenyewe, walipoliteka eneo hilo mwaka 1941. Poland ya kikomunisti nayo ikaimba wimbo huohuo.

Sasa angalieni: kesi nzima ilikuwa kwenye tarehe. Kuandika 1940 ni kumtaja muuaji. Mwaka 1981 watu walisimamisha msalaba wa jiwe katika makaburi ya Powązki, Warsaw, umeandikwa "Katyń 1940". Usiku uleule polisi wa siri wakaung'oa. Mwaka 1985 serikali ikaweka mnara wake, lawama kwa mafashisti wa Hitler. Ilikuwa kazi bure. Wajane walijua barua za waume zao zilikatika lini. Aprili 1990 Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, akakiri.

JIBU: Mkuu, umejichagulia mfano mwepesi. Poland ilikuwa na Kanisa Katoliki, na ndugu zao uhamishoni London walikuwa huru kusema. Beijing ilijifunza: kuhusu mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, Juni 1989, haijengi mnara wa uongo, inanyamazisha. Uongo unabishika, lakini kijana atabishia nini asichowahi kukisikia? Hata mishumaa ya kuwakumbuka kila mwaka Victoria Park, Hong Kong, ilipigwa marufuku 2020.

JIBU: Mbona wakomunisti tu? Waingereza walificha mafaili ya Mau Mau kule Hanslope Park, kituo cha serikali yao, hadi 2011!

MLETA MADA: Kweli waliyaficha, na ni aibu yao. Ila yalitoka kwa sababu wazee wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza kwenye mahakama za London, na mwaka 2013 ikakubali kulipa fidia. Mjane wa Katyn angeshtaki wapi, Warsaw ya 1955? Tofauti ninayoisema ni hiyo.

Kuhusu China, mama wa waliouawa 1989 wamekusanya majina zaidi ya 200, jina kwa jina, huku wakifuatiliwa na polisi. Kama ukimya umeshinda, polisi wanawachunga vikongwe hao wa nini?