Mwanangu anajua KDS, hajui L.C.M. Nimwongeleshe Kiingereza nyumbani?

Fundi_Randa (Moshi):

Wakuu salamu. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Njoro hapa Moshi. Nimekuja kuomba ushauri kwa jambo linaloninyima usingizi.

Kijana wangu kaingia kidato cha kwanza Januari, shule ya kata. Darasa la saba alipata A ya Hisabati, na sikushangaa, kwa sababu kila Jumamosi tangu darasa la nne anashinda nami karakana. Ukimwambia tundu la mlango ni inchi 36, fremu inchi moja na nusu robo kila upande, anakujibu "thelathini na tatu na robo tatu" kabla sijashika penseli.

Mwezi wa tano karudi na matokeo ya nusu muhula: Hisabati 19. Sikumgombeza. Usiku nilichukua daftari lake nikakuta swali, "Find the L.C.M. of 12 and 18." Chini yake patupu. Alikuwa amepiga mstari kwa rula, akaishia hapo. Mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini hizo herufi tatu nilizikumbuka: ndiyo ile KDS ya shule ya msingi, kigawe kidogo cha shirika, kwa Kiingereza. Nikamuuliza, "Baba, KDS ya 12 na 18 ni ngapi?" Akasema 36, huku anaendelea kula. Nikamwekea kidole kwenye daftari: "Sasa hapa mbona hukuandika?" Akalitazama lile swali muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ndiyo hii?"

Hilo "kumbe" limenikaa kifuani mpaka leo.

Juzi kwenye kikao cha wazazi mwalimu mmoja alisema tatizo ni sisi. Nyumbani tuache Kichagga na Kiswahili, tuongee Kiingereza. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikawaza: mama yake anauza ndizi Mbuyuni. Bibi yake yuko Uru, na Kiswahili chenyewe anakitumia kanisani na kwa wageni. Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye maelekezo ya kopo la vanishi. Tukizinyamazisha lugha hizo mbili, mle ndani atabaki nani wa kuongea na mtoto?

Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Tuisheni ya mtaani nimeulizia, nao wanafundisha kwa Kiingereza kilekile.

Mwl_UsaRiver:

Pole sana fundi. Nafundisha Hisabati sekondari huku Usa River, huu mwaka wa kumi na moja, na nitakuambia kinachotokea darasani bila kuficha. Nikiuliza kidato cha kwanza kwa Kiingereza, inanyooka mikono miwili mitatu, ileile kila siku, ya watoto waliotoka ingilishi midiamu. Nikirudia swali hilohilo kwa Kiswahili, darasa linachangamka mpaka mwalimu wa chumba cha pili anafunga dirisha. Kwa hiyo naeleza kwa Kiswahili na ubaoni naandika Kiingereza, maana mtihani wa kidato cha pili hautamuuliza KDS. Tuko wengi tunaofanya hivyo, ila tunafanya kama watu wanaoiba, na hilo linaniuma.

Hesabu mwanao anaziweza. Alitoka darasa la saba na KDS, KKS (kigawo kikubwa cha shirika), MAGAZIJUTO (mpangilio wa matendo ya hesabu), kipeo cha pili, kipeuo, mzingo. Likizo moja tu, vyote vimebadilishwa majina, na hakuna aliyekaa naye akamwambia huyu ndiye yule. Tena maneno magumu si ndiyo mabaya zaidi. Mabaya ni yale yanayoonekana mepesi. Neno "product" kwenye Hisabati ni zao, jibu la kuzidisha. Kwenye somo la biashara mtoto huyohuyo anaambiwa ni bidhaa. Mwaka jana nilitoa swali la "product of 6 and 7". Binti mmoja, mwenye akili kweli, akaja mezani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sita na saba vinatengeneza bidhaa gani?" Darasa zima hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanangoja jibu.

Fanya hivi. Nunua kauntabuku, piga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto neno la darasa la saba, kulia neno la sekondari, chini yake mfano mmoja aliokokotoa mwenyewe. Maneno kumi kwa wiki yanatosha. Lugha ya nyumbani usiiguse. Huko ndiko anakojifunza kuuliza kwa nini.

Nina wanafunzi kutoka vijiji vya Monduli ambao Kiswahili chenyewe walikutana nacho darasa la kwanza, wakitoka kwenye Kimaasai. Wao wanavuka mto huu mara mbili, na bado tunawaita wazito.

Bibi_Mwalimu (Kibosho):

Mwanangu fundi, umenirudisha mbali. Nilianza ualimu 1979. Tume ya Rais ya elimu, ile ya Makweta, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Mimi na wenzangu wawili tulianza kukusanya istilahi za Baiolojia kwenye daftari, tukijua kazi iko mlangoni. Serikali ikalikataa pendekezo. Daftari ninalo hadi leo. Sera ya Elimu ya 2014 nayo ikatamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, lakini vitabu na mitihani ya sekondari ikabaki palepale.

Nami nataka ujue kwamba jambo hili haliishii shuleni. Jirani yangu alikuwa na kesi ya kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake, ikafika rufaa. Hukumu ikatoka kwa Kiingereza, kurasa kumi na nne. Alikaa nayo siku tatu ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu aliona aibu kuuliza mtu. Siku ya nne jioni akanijia jikoni, nikamsomea. Alikuwa ameshinda! Siku tatu mtu mzima analala hajui kama ardhi ya baba yake bado ni yake, na karatasi anayo chini ya godoro.

Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Imewezekana huko, kwenye maneno mazito kuliko ya kidato cha kwanza. Mtoto wako anastahili hivyohivyo.

Mwongozaji_Marangu:

Shikamoo bibi mwalimu. Yote nimeyakubali, ila namwomba kaka fundi asitoke hapa akidhani Kiingereza kinaweza kungoja. Nilianza upagazi wa Mlima Kilimanjaro, geti la Machame, nikiwa na cheti cha darasa la saba. Usipojua Kiingereza unabeba kilo 20 na kunyamaza siku sita. Mgeni anakuuliza jina la mti, wewe unatabasamu. Sasa naongoza wageni mwenyewe, na tofauti ya ujira ndiyo iliyonijengea nyumba.

Ila sikukipata kwa kuacha Kichagga. Babu alinifundisha mlima kwa Kichagga: ukungu ukipanda hivi mvua iko nyuma yake, njia ikiwa na rangi hii usikanyage. Nilichokuwa nakosa ni neno tu la kumwambia mgeni. Wapo vijana waliokuja na Kiingereza kizuri kunishinda, wakifika juu hawana la kusimulia.

Kwa hiyo daftari la mwalimu, ndiyo. Na kila jioni akusomee kwa sauti kurasa mbili za kitabu cha Kiingereza. Hata usipoelewa, kaa umsikilize.

Fundi_Randa (Moshi):

Shikamoo bibi. Mwalimu, na wewe ndugu yangu wa Marangu, asanteni. Ni wiki ya tano sasa, nimeona nirudi kuwaambia.

Kauntabuku ina maneno 43. Jumamosi anaandika kwa chaki kwenye mbao kabla hatujazipiga randa. Juzi tulikuwa tunapima meza, akaandika "perimeter" ukingoni, akazunguka nayo pande zote nne akihesabu, akarudi alipoanzia. "Mzingo," akasema. Sikumfundisha mimi, aliunganisha mwenyewe. Bibi yake alipokuja Jumapili akaomba safu ya tatu, ya Kichagga. Nusu na robo alikuwa nazo papo hapo, amegawa maziwa maisha yake yote. Kwenye kipeuo alishika kidevu, akasema atamuuliza dada yake.

Jaribio la Ijumaa kapata 41. Swali la L.C.M. kapatia.

Kusoma jioni kunaenda. Siku za kwanza alikuwa anasoma kwa kunong'ona, sasa mama yake akiwa anamenya ndizi jikoni anamsikia.

Mwalimu, tumekwama mahali pamoja. Kwenye MAGAZIJUTO kuna mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwenye BODMAS, MAGAZIJUTO yao ya Kiingereza, nimeona herufi O, ya pili. Kaniuliza hiyo kwa Kiswahili ni ipi, sikuwa na jibu. Upande wa kushoto tumeacha wazi.

Mwl_UsaRiver:

Wengi wanafundishwa kwamba ni "of", fundi. Nusu *ya* 30, robo *ya* inchi nane. Anaijua tangu ulipomshikisha futi. Mwandikie "ya", na chini yake ule mfano wa mlango.