Ripota wa gazeti kufika meja jenerali bila chuo cha kijeshi: Funston alipitia wapi?

Njiro_Juu (Arusha):
Wakuu, kijiweni kuna ubishi. Mmoja anasema Frederick Funston wa Marekani alikuwa ripota, akafika meja jenerali bila kukanyaga chuo cha maofisa. Wengine wanapinga: bila kozi kama ya Monduli hata uluteni huupati. Alipandaje, cheo kwa cheo? Na kule kumkamata Aguinaldo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Ufilipino, kulifanyikaje hasa?

Rau_Madukani (Moshi):
Ni kweli, ila hilo la uripota hukuzwa mno. Gazetini hakukaa sana. Fort Smith, Arkansas, aliachiwa gazeti la watu wa chama cha Democrat, mwenye gazeti akiwa safarini, akalijaza hoja za Republican, chama pinzani. Hakudumu hapo. Mwaka 1890 alikuwa ripota Kansas City, kisha Wizara ya Kilimo ikamtuma kukusanya mimea Death Valley na Alaska. West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, aliijaribu mwaka 1884, akafeli mtihani wa kuingia.

Siri ya cheo iko hapa. Mwaka 1896 alijiunga na wapigania uhuru wa Cuba, upande wa mizinga. Huko alitumia pia mzinga wa baruti kali wa Sims-Dudley: baruti kidogo inalipuka kwenye bomba la pembeni, inabana hewa, na hewa ndiyo inayosukuma kombora lenye baruti kali. Ukilirusha kwa mlipuko wa moja kwa moja, mshtuko unaweza kulipasulia ndani ya mtutu.

Vita na Hispania vilipoanza mwaka 1898, jeshi la kudumu la Marekani lilikuwa dogo, hivyo Rais McKinley akaita watu 125,000 wa kujitolea. Kila jimbo liliunda rejimenti zake na gavana ndiye aliyeteua maofisa. Gavana wa Kansas alitafuta mtu aliyekwisha kunusa baruti, akampa Funston ukanali wa rejimenti ya 20. Ngazi zote za chini zikarukwa kwa saini moja. Kwa hiyo wanaobisha kwa kupima na Monduli wanapima kwa utaratibu ambao haukumhusu.

Rejimenti ikapelekwa Ufilipino, ambako Marekani ilipigana na watu wa Aguinaldo. Tarehe 27 Aprili 1899, Calumpit, askari wake wawili, White na Trembley, waliogelea mto na kamba chini ya risasi, wakaifunga ng'ambo; yeye na wenzake wakavuka kwa chelezo. Wote watatu walipata nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Mwezi Mei akawa brigedia jenerali, lakini wa jeshi la kujitolea, na cheo hicho hufa jeshi likivunjwa.

Kijenge_Sokoni:
Ndiyo maana operesheni ya Palanan, maficho ya Aguinaldo, ilikuwa na uzito kwake. Februari 1901 tarishi wa Aguinaldo alijisalimisha na barua za mafumbo zilizoomba askari wa nyongeza. Funston akazifumbua, akaamua kumpelekea hao "askari".

Vifaa: Wamacabebe 80 hivi (Wafilipino waliokuwa upande wa Marekani) wenye mavazi ya wapiganaji wa Aguinaldo, na bunduki za Mauser na Remington, Krag chache tu, kwa kuwa Krag ni bunduki ya jeshi la Marekani na nyingi zingewaumbua. Barua ya kughushi iliandikwa kwenye karatasi halisi za Jenerali Lacuna, kamanda wa Aguinaldo, zilizotekwa. Funston na Wamarekani wenzake wanne walijifanya mateka.

Meli ya Vicksburg ikawashusha karibu na Casiguran tarehe 14 Machi. Kutoka hapo ni mguu, kilomita 160 hivi kwa pwani na milima. Palipoharibika ni chakula. Mgao wa Kimarekani usingebebeka bila kuwafichua, na mahindi ya Casiguran hayakutosha. Wakaishia kuokota konokono wa miambani. Wakamwandikia Aguinaldo kuomba msaada, naye akawatumia mchele! Kisha akaagiza mateka wasiingizwe Palanan. Segovia, Mhispania aliyekuwa upande wa Funston, akaghushi amri nyingine ya kuwaita. Tarehe 23 Machi wakamkamata.

Muda mfupi baadaye Washington ilimpa ubrigedia wa jeshi la kudumu. Mwandishi Mark Twain alimshambulia vikali kwa kula chakula cha mtu kisha kumkamata, na mimi sioni jibu zuri la shutuma hiyo.

Rau_Madukani (Moshi):
Niongeze San Francisco, maana hapo wengi huandika vibaya. Baada ya tetemeko la 18 Aprili 1906 alitoa askari mitaani kwa uamuzi wake, lakini sheria ya kijeshi haikutangazwa kamwe. Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka, wakalipua majengo ili moto ukose cha kula. Ilipotumika baruti nyeusi badala ya baruti kali, ilirusha cheche na kuanzisha moto mpya.

Njiro_Juu (Arusha):
Na umeja jenerali?

Kijenge_Sokoni:
Novemba 1914, baada ya kuisimamia Veracruz, mji wa Meksiko uliokaliwa na jeshi la Marekani. Kisha akawa mkuu wa mpaka wa kusini, Jenerali Pershing akiwa chini yake wakati wa kumsaka Pancho Villa, mwanamapinduzi wa Meksiko. Moyo ulimsimama San Antonio tarehe 19 Februari 1917, akiwa na miaka 51. Marekani iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia Aprili, na jeshi la kwenda Ufaransa akapewa Pershing.